Anasoma bila kukwama, haelewi alichosoma: namna ya kutambua dalili za haipaleksia kwa mtu mzima

Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, wilayani Tandahimba, matokeo ya mnada hubandikwa ukutani, na wazee ambao macho yao hayaoni vizuri humwomba mwanachama mmoja awasomee. Husoma bila kukwama hata kwenye neno moja: bei ya kilo, makato, tarehe ya malipo. Siku moja nilimuuliza faraghani kama bei imepanda au imeshuka kuliko ya mnada uliotangulia, naye akanisomea tena tangazo lote, kuanzia kichwa cha barua hadi maneno yaliyomo ndani ya muhuri.

Haipaleksia ni hali ambayo uwezo wa kutambua na kutamka maneno yaliyoandikwa hujitokeza mapema mno, mara nyingi kabla ya mtoto kutimiza miaka 5 na bila yeye kufundishwa, huku uwezo wa kuelewa lugha ukibaki nyuma. Jina hilo lilianza kutumiwa na watafiti Norman na Margaret Silberberg mwaka 1967. Hali hii huambatana mara nyingi na usonji, yaani tofauti ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtu, ingawa si kila mwenye haipaleksia ana usonji, na haimo katika miongozo ya magonjwa ya akili kama utambuzi unaosimama peke yake. Kwa hiyo hatua zifuatazo zitakusaidia kutambua dalili na kujua pa kuelekea. Hazikupi mamlaka ya kumpachika mtu jina.

Hatua ya kwanza: ondoa yale yanayofanana nayo

Huku kwetu kusini mwa Tanzania hatua hii ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu aliyehitimu chuo cha Kurani akiwa mtoto pale Mikindani au Kilwa Kivinje anaweza kusoma juzuu nzima kwa tajwidi safi bila kujua maana ya aya. Hiyo si haipaleksia, kwani alifundishwa kusoma lugha ambayo hakufundishwa kuielewa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu anayesoma Kiingereza cha kwenye kopo la dawa ya mikorosho, na hata kwa bibi wa Newala ambaye maisha yake yote huyaendesha kwa Kimakonde, na Kiswahili hukutana nacho zahanati na kwenye redio. Kabla ya jambo lolote, uliza ni lugha gani mtu huyo huitumia kugombana, kutania na kuota, kisha mpime kwa lugha hiyo.

Jambo la pili la kuondoa ni mabadiliko mapya. Ikiwa mtu alikuwa akielewa vizuri, kisha ghafla, au katika miezi michache, akawa anatamka maandishi bila kuyaelewa, usiendelee na mwongozo huu. Kiharusi na magonjwa ya kupoteza kumbukumbu yanaweza kuacha usomaji wa sauti ukiwa mzima na kuharibu ufahamu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali, iwe Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi, na mabadiliko yakiwa ya ghafla apelekwe saa hiyo hiyo.

Hatua ya pili: tafuta habari za utotoni

Bila historia ya utotoni huwezi kuzungumzia haipaleksia, na mhusika mwenyewe mara nyingi haikumbuki. Mwulize mama mzazi, na katika familia za Kimakonde, Kimwera na Kiyao usimsahau mjomba, ambaye aghalabu anajua mengi ya mtoto wa dada yake. Ukimwuliza mzee mtoto alianza kusoma mwaka gani utapata jibu la kukisia tu. Mwamkie, kaa naye, kisha uliza kwa matukio: je, alikuwa akisoma majina ya kanga kabla mdogo wake hajazaliwa? Alisoma kabla hajaanza chuo wala shule? Nani alimfundisha? Jibu ninalolitafuta hufanana na hili nililopewa na mama mmoja: “Sisi tulidhani ana jini. Maji alikuwa hajui kuomba, lakini mfuko wa saruji anausoma.”

Uliza pia kuhusu usemi wake. Je, alichelewa kuzungumza? Je, alirudia sentensi nzima alizozisikia, badala ya kujibu swali aliloulizwa? Je, aliacha michezo ya wenzake ili apange herufi na namba mchangani?

Hatua ya tatu: linganisha anachosoma na anachosikia

Nchi zinazotumia Kiingereza hupenda kipimo cha maneno ya kubuni, kwa kuwa kuyatamka kunahitaji ustadi wa kusimbua herufi, yaani kuzigeuza kuwa sauti. Katika Kiswahili kipimo hicho hakitenganishi watu. Tahajia yetu hufuata sauti, na yeyote aliyejua kusoma ataweza kutamka “mbuchilo” au “kanyefa”. Usivutiwe, basi, na ufasaha wa sauti.

Andika vifungu viwili vifupi vya ugumu mmoja. Kimoja asome mwenyewe, kimyakimya akipenda, kwa sababu wapo wanaoshindwa kuelewa kutokana na haya tu. Kingine msomee wewe. Mimi hutumia kifungu kama hiki: “Asha alitoka uani, akatazama juu upande wa baharini, akaacha ufagio, akaanua korosho zote na kuziingiza ndani.” Uliza kwanza maswali ambayo majibu yake yameandikwa: nani alitoka, aliacha nini. Kisha uliza: kwa nini alizianua? Neno mvua halimo. Wengi hujibu kabla hujamaliza swali. Mtu mwenye dalili ninazozieleza hujibu “kwa sababu zilikuwa uani”, au hukurudishia sentensi kama ilivyo. Jibu moja halitoshi. Nenda hadi vifungu vitano au sita, kwa siku mbili tofauti.

Sasa linganisha. Watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la kusimbua maneno na kuelewa lugha inayosikika. Katika haipaleksia usimbuaji uko juu na ufahamu wa lugha uko chini, kwa hiyo mtu atapata shida hiyo hiyo hata unapomsomea; wengine hupata shida zaidi kwa kusikia kuliko kwa kusoma. Akielewa vizuri sana anaposikiliza na kupotea anaposoma tu, tatizo liko kwingine; anza kwa kumpima macho, huenda anahitaji miwani.

Hatua ya nne: tazama siku yake ya kawaida

Mtu mzima huwa amejifunza kuficha. Hucheka wenzake wanapocheka, hukariri majibu. Lakini ndani ya basi la Masasi utamwona akisoma kila kibao bila kukusudia, na mafumbo ya kanga huyachukua kama yalivyoandikwa. Ukimwambia jambo kwa simu hulisahau. Ukimwandikia ujumbe hulitekeleza barabara.

Hatua ya tano: cha kufanya na ulichokipata

Dalili zikikutana, yaani historia ya utotoni, pengo la ufahamu na mwenendo wa kila siku, andika ulichokiona kwa mifano, bila hukumu, na umshauri mhusika aonane na mwanasaikolojia tiba au daktari wa afya ya akili, hasa kama kuna viashiria vya usonji. Usimtangaze kijijini.

Wakati huo huo, tumia maandishi yenyewe, kwa kuwa ndiko nguvu yake iliko. Yule mwanachama wa Tandahimba sasa ana kadi ndogo mfukoni yenye maswali matatu: bei hii na ile ya kabla, ipi kubwa? Nani analipa makato? Fedha zinaingia lini? Huyajibu kwa kalamu kwanza, akilinganisha na tangazo la mnada uliopita ambalo karani humwachia ukutani, ndipo anapowasomea wazee.