Siku ya mwisho Diani na watoto wadogo: mambo ya kuzingatia kabla hamjafunga mabegi

Wazazi sikizeni. Siku ya kwanza bichi kila mtu yuko macho, hata bibi anahesabu watoto kila dakika. Shida ni ile asubuhi ya kurudi Nairobi.

Mabegi funga usiku watoto wakishalala, asubuhi ibaki miswaki na chaja tu, na chaja iangalie nyuma ya kitanda. Bili lipa usiku huohuo, usome mstari kwa mstari maana soda ambazo hamkunywa huwa zinajiandika zenyewe. Nguo kavu na sweta za watoto ziwe juu kabisa kwa begi, ndani ya treni eisii ni baridi na mtoto aliyetoka majini atatetemeka hadi Mtito Andei.

Treni ya saa tisa mchana inatoka Miritini, sio Mombasa mjini, kwa hivyo mimi saa tano niko barabarani. Muulize dereva kama anapita feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu inayozunguka bila feri, na umuulize kabla ya kupatana bei, sio mkishakwama kwa foleni. Stesheni kuna mbwa wa kunusa mabegi, kuna skena, halafu hapo hapo ndio mtoto anakumbuka susu. Fika mapema.

Sasa hii ya kufuata ndio imenifanya niandike. Asubuhi hiyo chagua mtu mmoja wa kukaa na watoto, mtaje kwa jina, na huyo asibebe begi, asilipe bili, asishike simu. Usiseme "tuwaangalie watoto", hapo umesema hakuna mtu.

Sisi tulisema tuwaangalie. Saa moja asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea na watoto mbali kabisa kwenye mchanga, kadogo ketu ka miaka minne kakachimba shimo na ndoo yake nyekundu, tukarudi kunywa chai. Chumba kilitakiwa saa nne. Mimi nikawa natafuta kiatu chini ya kitanda, baba yao yuko risepsheni anabishana juu ya maji ya chupa, dada yangu anapakia gari, na kila mmoja anajua mtoto yuko na mwenzake. Kumbe ndoo ilisahaulika kule, na mwenye ndoo ameenda kuichukua.

Sisi watu wa bara hatujui maji. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini, kwa hivyo saa nne ya siku mliyofika sio saa nne ya siku mnayoondoka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ndio yanapanda sana, tofauti inazidi mita tatu. Pale tulipochimba shimo kukavu, saa nne palikuwa panamfika mtoto kifuani, na yeye anaendelea kwenda tu kwa sababu ndoo anaiona inaelea mbele yake. Hakupiga kelele. Nilikuwa nadhani mtoto akizama utamsikia, hapana, mimi sikusikia kitu.

Mzee wa ngamia, yule wa kupandisha wageni ngamia pale bichi, ndiye alimtoa. Yule yule ambaye siku nne nzima nilikuwa namwambia hapana asante bila hata kumwangalia usoni. Alimleta amembeba begani, akaniuliza, "Mama, huyu ni wako?" Nilikuwa nimeshika kile kiatu mkononi.

Kwa hivyo jina, mtu mmoja. Akichoka ampe mwenzake kwa mdomo, "sasa ni wewe", na mwenzake aitikie.

Mengine ni madogo. Hakuna kuogelea "mara ya mwisho" dakika kumi kabla ya gari. Swimingi puli ya hoteli nayo ihesabu kama bahari. Mlango wa chumba usiache wazi ukipakia, tumbili wa Diani wanaingia kuchukua mkate na wengine hawaogopi mtoto. Makombe waliyookota yaache bichi, mengine yana kaa ndani bado hai, atakufa kwa begi na behewa zima litajua. Na hesabu watoto wakiwa ndani ya gari, mlango umefungwa, uwaguse kichwa mmoja mmoja, hata kama unawaona.