Kabla ya kupanda, uliza ni misimu mingapi

Ukisikia Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, tafadhali usipangie shamba namba hiyo. Chukua karatasi tufanye mfano wa kujifunzia. Misimu 7 imepata milimita 310, 420, 480, 510, 530, 560, na mmoja wa mafuriko 980. Jumlisha, gawa kwa 7, wastani ni 541. Sasa hesabu misimu iliyofika hapo: ni 2 tu! Mafuriko ya msimu mmoja yamevuta wastani juu, na aliyepanda mahindi akitegemea 541 ameumia mara 5. Ndiyo maana nawasihi wakulima wapange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, wasome ile ya katikati (hapa ni 510), kisha wajiulize zao lao linahitaji kiasi gani na ni misimu mingapi iliyofikisha.

Misimu 7 ni ya mazoezi. Wataalamu wa hali ya hewa hulinganisha kwa miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Rekodi ndefu zinatunzwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mwombe afisa ugani wako awasaidie kuzipata, na msikubali jumla za mwaka peke yake. Ombeni za kila siku. Kwetu msimu ni mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na mvua hupenda kukatika katikati, mara nyingi Februari, mtama ukiwa bado unahitaji maji. Jumla ya mwaka haionyeshi jambo hilo. Kwa kila msimu andika tarehe ya mvua ya kupandia na siku nyingi zaidi zilizopita mfululizo bila mvua. Ukikuta misimu 18 kati ya 30 ilikaa wiki 2 kavu Februari, chagua mtama au uwele wa muda mfupi na tengeneza makinga maji mapema.

Kijiji kimoja cha Chamwino nilionyeshwa daftari la mvua, kalamu ya bluu, pembe za kurasa zimekunjamana. Siku alizokwenda msibani, mwenye daftari aliandika 0. Lakini 0 maana yake umepima na haikunyesha. Usipopima, weka kistari, la sivyo daftari litaonyesha ukame ambao haukuwepo. Pima saa 3 asubuhi kila siku, mahali pa wazi mbali na miti na mapaa.

Kwenye joto, tenga la usiku na la mchana, kisha linganisha wastani wa miaka 10 ya mwanzo na 10 ya mwisho. Uliza pia kama kituo kiliwahi kuhamishwa, maana kipimajoto kikisogezwa karibu na lami au ukuta husoma juu hata kama hali ya hewa ni ileile. Joto likiwa limepanda kweli, udongo unakauka upesi, na milimita 510 za sasa hazikai shambani kama za zamani. Hapo matandazo, yaani mabua ya kufunika udongo, ni ya lazima. Najua ng'ombe wanayahitaji mabua, ila bakiza hata theluthi yake juu ya udongo.