Ramani ikae upande wa mlima

Kazi yangu ni kuchora mabango ya maduka hapa Moshi, na tangu mwanangu aanze shule nachora pia kuta za madarasa. Walimu huniuliza waanzie picha gani. Mwalimu, anza na ukuta wenyewe.

Kuta nyingi za shule zetu zina chokaa. Pitisha kiganja, kikitoka cheupe, rangi utakayopaka juu yake itabanduka. Kwangua kwa brashi ya waya, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha uache ukauke siku mbili. Lipu mpya isubiri wiki nne. Masika usijaribu, hasa shule za juu mlimani kama Uru na Kibosho, ukuta unakuwa umelowa mpaka ndani.

Paka rangi ya maji nyeupe, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Lita moja hutosha kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo pima kwanza ndipo uende dukani. Za kuchorea, nyeusi, nyekundu, bluu na njano zinatosha. Kijani na kahawia utachanganya. Kopo liwe limeandikwa kwamba halina madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na watoto hawa wataushika ukuta huo kila siku, kisha wale muhogo kwa mkono uleule.

Sasa ramani, jambo ninalolisisitiza kila shule. Ukiwa Moshi mjini, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Hakuna mtoto wa hapa asiyejua mlima uko wapi, hata siku ya mawingu. Basi ramani ya Tanzania ichorwe kwenye ukuta wa upande wa mlima. Mtoto akisimama mbele yake anatazama kaskazini kwelikweli: kulia kwake ni bahari na Tanga, kushoto ni Kigoma. Niliwahi kuichora ukuta wa mkabala kwa kuwa ulikuwa laini zaidi. Nikamwuliza binti wa darasa la tatu, Kenya iko wapi? Akanyoosha mkono kuelekea mashamba ya miwa, kusini. Aliisoma ramani vizuri. Mimi ndiye niliyeiweka vibaya, na mpaka leo inaniuma. Ukuta wa upande wa mlima ukiwa na madirisha, tumia ukuta wa nje wa upande wa kusini wa jengo. Anayeutazama bado ameelekea mlimani. Wenzetu wa Arusha wana Meru, nao uko kaskazini, umeegemea mashariki kidogo.

Kuikuza si kazi ngumu. Piga miraba ya sentimeta 2 juu ya ramani ya kitabuni, na ya sentimeta 20 ukutani. Uzi uliopakwa unga wa chaki, mmoja ashike huku na mwingine kule, uvutwe katikati na kuachiwa: mstari umenyooka. Nakili mraba baada ya mraba. Mikoa iwe 31, na Unguja na Pemba zisionekane kama matone ya rangi yaliyodondoka.

Kwa darasa la kwanza chora herufi, na zikae chini, kama mita moja kutoka sakafuni, mkono wa mtoto uzifikie. Ziwe na umbo lile mwalimu analoandika ubaoni. Ile a ya vitabuni yenye kofia huwachanganya. A yao ni duara lenye mkia. Hapa tumia rangi ya mafuta, maana watazifuata kwa kidole, na uchafu unafutika kwa maji na sabuni.

Rangi iliyobaki naifunga vizuri, naandika kopo, namwachia mwalimu. Itahitajika. Herufi zinazochakaa mapema ni zile zinazoanza majina ya watoto wa darasa hilo.