Namna ya kuandaa safari ya skuli ya kujifunza Kihispania nchini Hispania

Kwa mwalimu wa Unguja au Pemba anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake Hispania ili waizoee lugha, jambo la kuamuliwa mwanzo si tiketi wala viza, bali ni nyumba watakazolala. Wakiwekwa hoteli moja watazungumza Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi hadi kulala. Omba kila mwanafunzi apokewe na familia yake ya wenyeji. Ikishindikana, wawekwe wawili wawili, lakini wasiwe marafiki wa chanda na pete, kwani hao hawatahitaji kusema na mwenyeji. Mimi ningechagua Salamanca, mji wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218, ambao umezoea wageni wanaojifunza lugha.

Waandikie wenyeji mapema kuhusu chakula na sala. Nyama ya nguruwe huingia hata katika mchuzi wa dengu, kwa hiyo mwanafunzi awe nayo sentensi "No como cerdo" (sili nguruwe) mdomoni kabla hajapanda ndege. Chakula cha usiku huliwa saa tatu au saa nne, na mwezi wa Juni jua la Salamanca huchwa karibu saa nne usiku, hivyo Magharibi huangukia wakati uleule wa meza kuandaliwa.

Katika matamshi, mtoto wa Zanzibar ana mtaji mkubwa. Irabu ni tano zilezile. "Th" ya thelathini ndiyo inayosikika katika "gracias" ya watu wa Castilla, eneo la Hispania ya kati, na "kh" ya kheri humsogeza kwenye "j" ya "trabajo". "Mesa" na "bandera" hazihitaji kufasiriwa, kwa kuwa meza na bendera zilitujia kutoka kwa Wareno, ilhali "azúcar", "aceituna" na "hasta" zina asili ileile ya Kiarabu iliyotupa sukari, zaituni na hata. Kinachomzuia ni adabu aliyolelewa nayo: mbele ya wakubwa amefunzwa kunyamaza mpaka aulizwe, na mezani Hispania mgeni anayenyamaza hudhaniwa hana raha. Igiza naye chakula hicho darasani. Mwalimu awe mama mwenyeji, aulize "¿Quieres más?" (unataka zaidi?), na mwanafunzi asiruhusiwe kuitikia kwa kichwa, aseme anachotaka, kisha naye aulize swali lake.

Kuhusu nyaraka, viza ya Schengen, yaani ya kuingia Hispania na nchi nyingine za Ulaya zilizoungana nayo kwa viza moja, huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Pasipoti iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, bima ya matibabu ifikie yuro 30,000, na kwa aliye chini ya miaka 18 kiambatanishwe cheti cha kuzaliwa pamoja na ridhaa ya wazazi. Aliyetimiza miaka 12 hutoa alama za vidole mwenyewe, kwa hiyo tenga siku ya kuvuka nao kwenda Dar es Salaam.

Mkishafika, mpe kila mmoja kazi ya siku isiyowezekana bila kusema, kama vile kununua mkate na kuuliza utakaofuata utatoka saa ngapi, huku akikumbuka kwamba "las nueve" (tisa) ya asubuhi ni saa tatu yetu. Jioni asimulie kwa Kihispania alivyojibiwa, na mwalimu asimkatize kumsahihisha mpaka amalize.