Somo: Soko la mtandaoni likibadili kampuni ya malipo

Wanakikundi, wiki hii simu yangu haikupoa. Soko tunalouzia mtandaoni limetangaza kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao pesa za wateja zitapitia kampuni nyingine ya malipo. Wa vikapu ananiuliza lake, wa kanga lake, wa iliki lake, basi nimeona niandike mahali pamoja.

Mwaka juzi nilihamishwa hivihivi kwenye soko jingine, na niliumia. Nilipopata ujumbe wa kuhama nilitoa salio lote kwenye akaunti ya zamani, nikaifunga siku ileile. Nikawalipa wasukaji wangu wa Pongwe, nikanunua mkonge mwingine. Siku sita baadaye mteja akarudisha vikapu vitatu. Oda yake ilikuwa ya zamani, kwa hiyo pesa yake ilidaiwa kwenye akaunti niliyokwisha kuifunga. Duka langu likasimamishwa siku tisa, na Idd ilikuwa mlangoni. Kampuni mpya haikuwa na kosa lolote. Kilichoniumiza ni zile wiki za katikati, pesa zako zinapokuwa kwenye nyumba mbili na wewe unaangalia moja tu.

Hatua ya kwanza: hakikisha habari ni ya kweli. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya muuzaji, usifuate kiungo ulichotumiwa kwa meseji. Tangazo la kweli utalikuta humo ndani. Kisha tazama kampuni mpya ni ya nani. Hapa kwetu Tanzania kampuni za malipo hupewa leseni na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Ni dakika tano tu.

Hatua ya pili ni majina, na hapa naomba mtulie, kwa sababu wengi wetu tutakwama hapa. Kampuni mpya haikujui. Sheria inaidai ithibitishe kwamba anayelipwa ndiye mwenye duka, na inafanya hivyo kwa kulinganisha jina la duka, jina la kitambulisho cha taifa cha NIDA na jina la akaunti ya benki au laini ya simu. Sasa jitazameni. Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili. Kitambulisho kimeandikwa Mwanahamisi, benki wakaandika Mwanahamis. Laini ya biashara imesajiliwa kwa kidole cha kaka yako, kwa sababu siku ile wewe ulikuwa huna namba ya NIDA. Kwa binadamu hayo ni mambo madogo. Kompyuta inaona watu wawili tofauti, na pesa inazuiwa.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini ya biashara haimo, nenda kaisajili upya kwa jina lako kabla ya jambo lolote. Kama kosa liko benki, nenda tawini na kitambulisho, waombe warekebishe, na uondoke na taarifa ya akaunti iliyochapishwa yenye jina sahihi. Hiyo karatasi ndiyo kampuni mpya itakayokuomba. Yafanye haya mapema, usingoje wiki ya mwisho ambapo kila muuzaji atakuwa anapandisha nyaraka zake.

Hatua ya tatu: daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika oda zilizolipwa kabla ya tarehe ya kuhama, kulia zilizolipwa baada yake. Za kushoto zote, hata kama mzigo haujatoka, ni za kampuni ya zamani: malipo yake, marejesho yake, malalamiko yake. Usiifunge akaunti ya zamani mpaka upande wa kushoto uishe kabisa, na acha humo salio la kutosha kurudisha oda mbili tatu. Muda gani? Si wiki mbili. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, humpa mnunuzi siku 180 za kufungua lalamiko, na aliyelipa kwa kadi ya Visa kwa kawaida ana siku 120 za kuiambia benki yake irudishe pesa. Kabla ya kuhama, pakua pia taarifa ya miamala yote ya zamani. Ukurasa ule ukifungwa hutaupata tena.

Hatua ya nne, makato. Wengi mtadhani mmeibiwa, kumbe ni mahali pa kukata palipobadilika. Tuseme kikapu ni shilingi 35,000 na ada zote pamoja ni 2,800. Zamani uliona 35,000 imeingia, ada ukailipa mwisho wa mwezi. Sasa itaingia 32,200. Lakini mteja akirudisha kikapu anadai 35,000 yake, hivyo usiwe umekula mpaka chini. Na kwenye daftari andika 35,000, kisha makato pembeni, kwa sababu kodi ya makadirio ya TRA inaangalia mauzo, haiangalii kilichobaki mkononi.

Jambo hili halikuanzia kwetu. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, iliinunua PayPal mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, zikatengana mwaka 2015, na Januari 2018 eBay ikatangaza kwamba kazi ya malipo itaipa Adyen, kampuni ya malipo ya Uholanzi. Wauzaji waliozoea kuona pesa PayPal papo hapo, na kulipia posta kwa salio hilohilo, wakawa wanalipwa moja kwa moja benki, ada zikiwa zimeshakatwa, na wakangoja siku za kazi za benki. Kilichowabana ni mtaji wa kuzungusha katika zile siku za kungoja. Kwa hiyo hatua ya tano ni hiyo: weka akiba ya siku kumi. Malipo ya kwanza kwenye kampuni mpya mara nyingi huchelewa kuliko yatakayofuata. Waambieni wasukaji na mafundi wenu mapema, kwa heshima, kwamba wiki ya kwanza malipo yatasogea. Mtu akiambiwa kabla, anakuelewa.

Na risiti za mizigo mnayotuma kwa basi kutoka stendi ya Kange, zipigeni picha zote. Mteja akisema hakupokea, kampuni mpya itataka ushahidi, na wino wa zile karatasi haukai mwezi.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuza viungo, Muheza: Shikamoo mama. Mimi sina benki, nalipwa kwenye simu tu. Fomu yao inataka benki. Nitumie ya mume wangu?

Marahaba mwanangu. Usitumie ya mume, jina halitalingana na duka na utakwama palepale. Kwanza waulize kama wanalipa kwenye simu, maana fomu nyingine huficha chaguo hilo chini. Kama hawalipi, siku hizi unaweza kufungua akaunti kwa wakala wa benki hapohapo Muheza kwa namba yako ya NIDA na alama ya kidole. Fungua kwa majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Kijana wa kanga, Chumbageni: Mteja alilipa tarehe 29, mimi natuma mzigo tarehe 3. Nadai nani?

Kampuni ya zamani. Unaangalia siku aliyolipa, siku ya kutuma mzigo haihusiki. Ila akifuta oda na kuagiza upya tarehe 2, hiyo ni oda mpya kabisa, iandike kulia.

Dada wa mabuyu, Makorora: Nimepigiwa na mtu anasema ni huduma kwa wateja wa kampuni mpya, nimsomee namba iliyoingia kwa meseji ili anihamishe.

Usimsomee, dada yangu. Hiyo namba ndiyo ufunguo wako. Kuhama unahama mwenyewe ndani ya akaunti yako, hakuna anayekuhamisha kwa simu. Hawa ni walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wamebadilisha nguo tu, na wanajua sasa ni msimu wao. Ripoti namba yake kwenda 15040. Kama ulishamsomea, badilisha nywila na namba ya siri sasa hivi, halafu ndiyo uendelee kusoma hapa.

Mama wa vikapu, Ngamiani: Nikikataa kuhama je? Nimeridhika na ya zamani.

Nakuelewa, shoga yangu, nami nilitamani hivyo. Lakini soko ndilo linaloamua. Kule eBay muuzaji aliyekataa kujisajili kwenye mfumo mpya alifikia pahala hawezi kuuza tena. Nguvu uliyonayo ni kusoma masharti kabla ya kukubali. Tafuta mistari miwili: wanazuia pesa siku ngapi, na wanakata kiasi gani.

Fundi wa vinyago, Raskazone: Nina mteja Ujerumani. Fomu inadai IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, benki yangu wanasema hawana.

Wamekwambia kweli, kaka. Tanzania haitumii IBAN. Rudi mwanzo wa fomu, pale pa kuchagua nchi ya benki, inaelekea uliacha Ujerumani. Ukichagua Tanzania, fomu itakuomba namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT, yaani utambulisho wa benki yako kimataifa, wenye herufi nane au kumi na moja. Ya tano na ya sita lazima ziwe TZ. Zisipokuwa TZ, usibonyeze kutuma, nipigie kwanza.