Kumchagulia mtoto kitabu kipya

Kabla ya kulipa, kisome chote kwa sauti palepale dukani. Cha picha hakizidi dakika chache. Ukijikwaa wewe, mtoto atachoka mapema. Kisha tazama picha zenyewe. Zile nzuri huonyesha ambacho maandishi yamekinyamazia, mfano paka aliyejificha uvunguni, na hapo ndipo mtoto huanza kuuliza maswali.

Anayejisomea mwenyewe mpe ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha, bado ni kigumu: msomee.

Vitabu vya maarifa hupitwa na wakati. Cha anga kikitaja sayari tisa, kirudishe. Pluto iliondolewa orodhani mwaka 2006. Cha wadudu, hesabu miguu: sita. Buibui, ambaye si mdudu, ana minane.