Shule ya serikali au ya binafsi? Namna ya kuamua kabla ya kumwandikisha mtoto darasa la kwanza

Kila mwaka, kuanzia Oktoba, shule za msingi za serikali Tanzania Bara huandikisha watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza watakaoanza masomo Januari, na wakati huo shule binafsi nyingi huwa zimekwishaanza kuuza fomu na kufanya usaili. Ndipo mzazi mwenye kipato cha kati, yule ambaye akijibana anaweza kulipa ada lakini hana hakika kama ataimudu miaka yote, anapovutwa huku na huku na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Mwenye uwezo mkubwa akikosea ana nafasi ya kurekebisha, na asiye na kitu hana cha kuchagua, lakini huyu wa katikati anaweza kumpotezea mtoto mwaka mzima wa masomo au zaidi kwa uamuzi mmoja usiopimwa.

Anza na suala la lugha

Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo mojawapo. Shule nyingi binafsi ni za mchepuo wa Kiingereza, ambako karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili hufundishwa kwa Kiingereza. Ukifika sekondari, iwe ya serikali au ya binafsi, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kutokana na hayo wazazi wengi huhitimisha kwamba mchepuo wa Kiingereza ni bora kwa vyovyote vile, hata kama ni kwa miaka michache tu, kisha mtoto atahamia serikalini pesa ikipungua. Hitimisho hilo ndilo ninalotaka mzazi alitazame kwa makini kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu.

Mtoto aliyesoma mchepuo wa Kiingereza hadi darasa la nne huongea Kiswahili vizuri nyumbani, kwa hiyo mzazi anapomhamishia shule ya Kiswahili hatarajii tatizo. Tatizo huonekana kwenye daftari la hisabati. Swali linasema: "Tafuta KDS ya 12 na 18." Mtoto huyo anajua kabisa namna ya kulipata jibu, ambalo ni 36, lakini hajawahi kusikia kigawe kidogo cha shirika, na wenzake wote wamekwishaandika jibu wakati yeye bado anaitazama kalamu yake. Mambo yanakuwa hayo hayo kwenye sayansi na masomo mengine, na mwaka ambao alipaswa kuutumia kusonga mbele anautumia kujifunza upya majina ya vitu anavyovijua. Anayetoka Kiswahili kwenda mchepuo wa Kiingereza naye haendi bure, kwa kuwa shule nyingi binafsi humrudisha nyuma darasa moja au zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha majengo, sare na magari, mzazi ajiulize kama anaiona njia ya kulipa hadi mtoto amalize shule ya msingi. Kama haioni, ushauri wangu ni kumwanzisha shule ya serikali, kumwacha humo hadi amalize, na kuielekeza pesa ambayo ingelipa ada kwenye mambo nitakayoyaeleza mbele. Miaka miwili ya mchepuo wa Kiingereza inayokatika katikati haimwachii mtoto faida inayolingana na usumbufu wake.

Piga hesabu ya miaka yote, si ya muhula

Kwa mujibu wa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza watamaliza pamoja. Mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa ahesabiwe miaka sita, ukiongeza na mwaka wa awali.

Chukua fomu ya kujiunga, usome ukurasa wa nyuma, halafu andika kila kitu kwenye karatasi moja. Huu ni mfano tu: ada 1,200,000 kwa mwaka, gari la shule 50,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, yaani 500,000, sare, sweta, viatu na nguo za michezo 160,000, madaftari, vitabu na rimu za karatasi 140,000, mitihani ya majaribio, ziara na mahafali 100,000. Jumla ni 2,100,000, na ada yenyewe, ambayo ndiyo iliyotangazwa kwenye bango, ni zaidi kidogo tu ya nusu. Kwa miaka sita ni 12,600,000, bila kuhesabu ongezeko la ada, na bila kumhesabu mdogo wake ambaye haitakuwa rahisi kumweleza kwa nini yeye anapelekwa shule tofauti. Muulize mhasibu wa shule ada imepanda mara ngapi katika miaka mitano iliyopita na inalipwa kwa awamu ngapi, kisha muulize mtoto ambaye awamu yake imechelewa hufanywaje wakati wa mitihani.

Upande wa serikali elimu hutolewa bila malipo tangu Januari 2016, lakini gharama hazikuisha. Serikali hupeleka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, nayo haitoshi kila kitu, ndiyo sababu wazazi huchangia uji au chakula cha mchana, mlinzi, na wakati mwingine madawati. Michango hiyo inapaswa kukubaliwa katika mkutano wa wazazi na kupata kibali cha mamlaka husika, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Pamoja na hayo, naona ni vema kuchangia chakula kila inapowezekana, kwa kuwa mtoto aliyekaa na njaa hadi saa nane mchana hafundishiki hata mwalimu awe hodari kiasi gani.

Ipo pia njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii: serikali ina shule zake za msingi za mchepuo wa Kiingereza, kama Olympio na Diamond jijini Dar es Salaam, na Arusha School jijini Arusha. Wazazi huchangia gharama, ila kwa kawaida ni chini ya zile za shule binafsi za kiwango hicho. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo ulizia mapema katika halmashauri yako kama ipo ya aina hiyo.

Soma matokeo kwa kuhesabu watoto

Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya mwaka 2022, lakini matokeo ya kila shule bado huwekwa kwenye tovuti yake. Mzazi akiambiwa kwamba wanafunzi wote wa shule fulani walipata daraja A au B, asiishie hapo. Afungue matokeo ya upimaji wa darasa la nne ya mwaka 2021 ya shule hiyo na kuhesabu watahiniwa, kisha afungue matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2024, ambayo ni ya watoto wale wale baada ya miaka mitatu. Tuseme darasa la nne walikuwa 62 na darasa la saba wako 38. Hao 24 wamekwenda wapi? Baadhi wamehama kwa sababu za kawaida, wazazi wamehamishwa kikazi au ada imewashinda. Lakini ziko shule ambazo huwachuja watoto wa wastani wa chini kwa kuwalazimisha kukariri darasa au kuwashauri wazazi wao watafute shule nyingine, ili wanaobaki wapandishe wastani wa shule. Serikali imekemea jambo hili zaidi ya mara moja, na bado lipo. Namba zikipungua hivyo mwaka baada ya mwaka, muulize mwalimu mkuu ana kwa ana, na usikilize kama anazungumzia watoto au anazungumzia wastani.

Kwa sekondari hesabu ni hiyo hiyo: linganisha watahiniwa wa kidato cha pili mwaka 2022 na wa kidato cha nne mwaka 2024.

Shule ya serikali nayo isomwe hivyo hivyo. Shule ambayo imepeleka watoto 140 kwenye mtihani na 120 wamefaulu imefanya kazi kubwa kuliko mabango mengi yanavyoonyesha, maana haikumchagua hata mmoja kwa usaili. Kumbuka pia kwamba shule za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora, huchukua wanafunzi kwa ufaulu wao wa mtihani wa taifa, na mtoto aliyesoma shule ya serikali ya kawaida ana njia ya kufika huko.

Tembelea shule siku ya kawaida

Siku ya wazazi na siku ya mahafali hazikuonyeshi kitu. Nenda siku ya katikati ya juma, karibu saa nne asubuhi, ukae hadi baada ya mapumziko. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na darasa la watoto wasiozidi 45. Shule za serikali za mijini nyingi zimezidi hapo, nyingine zaidi ya mara mbili. Tazama vyoo vyenyewe, maji ya kunawa, na kama watoto wadogo wana choo chao.

Kisha omba kuona madaftari ya watoto wa darasa la tatu, ya yule anayefanya vizuri na ya yule anayesuasua. Utaomba kwa adabu, na shule inayojiamini haitakataa. Angalia tarehe kwanza: mazoezi yanatolewa kila siku au kuna mapengo ya wiki nzima? Angalia kama mtoto aliyekosa amefanya masahihisho, na kama mwalimu ameyarudia hayo masahihisho. Katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, mwombe mtoto akusomee aya fupi, halafu muulize kwa Kiswahili nani katika hadithi alikwenda sokoni na alinunua nini. Wapo watoto wanaosoma kwa mteremko na lafudhi nzuri, lakini swali hilo dogo linawanyamazisha. Katika shule ya serikali muulize mwalimu wa darasa lenye watoto 110 anasahihishaje. Anayekueleza utaratibu wake, kwamba leo anasahihisha safu hizi na kesho zile, ni mwalimu wa kumkabidhi mtoto.

Swali ambalo wazazi hawaliulizi katika shule binafsi ni mwalimu wa darasa la kwanza amekaa hapo miaka mingapi. Ajira mpya za serikali zinapotangazwa, walimu wengi wa shule binafsi huomba na kuondoka, mara nyingine katikati ya muhula, na mtoto hubadilishiwa mwalimu wa kusoma na kuandika mara mbili ndani ya mwaka. Shule inayowalipa walimu wake vizuri na kwa wakati huonekana kwa walimu wanaobaki.

Kama una shaka yoyote kuhusu usajili au hali ya shule, ofisi ya udhibiti ubora wa shule ya wilaya ndiyo mahali pa kuuliza.

Gari la shule na bweni

Dar es Salaam kuna watoto wa miaka mitano wanaoamshwa saa kumi alfajiri ili wawahi gari, na wanarudi jioni wakiwa wamelala kwenye kiti. Hesabu saa hizo kwa uzito ule ule unaohesabia ada. Shule ya wastani ambayo mtoto anaifikia kwa mguu ndani ya dakika ishirini, ya serikali au ya binafsi, mimi naiweka mbele ya ile nzuri zaidi iliyo upande wa pili wa jiji. Kuhusu bweni, tangu 2023 serikali imezuia huduma hiyo kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hiyo shule inayokupa kitanda kwa mtoto wa darasa la pili iombe ikuonyeshe kibali hicho.

Ukichagua serikali

Usiiache kazi yote kwa shule. Tenga sehemu ya pesa ya ada kwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili na Kiingereza, na umsikilize mtoto akisoma kwa sauti kila jioni, hata kwa robo saa. Hudhuria mikutano ya wazazi, na kama unaweza, gombea nafasi kwenye kamati ya shule, kwa sababu huko ndiko matumizi ya ruzuku na michango yanakojadiliwa. Kiingereza kianzwe mapema na taratibu, tangu darasa la tatu hivi. Masomo ya wiki chache ya maandalizi ya kidato cha kwanza, ambayo wazazi wengi huyakimbilia mtihani wa mwisho ukishafanyika, hayawezi kuziba miaka yote hiyo.

Ikibidi kuhama

Ikitokea kwamba shule uliyoichagua haimfai mtoto, mhamishe mwisho wa mwaka, na mapema kadiri iwezekanavyo, hasa kabla ya darasa la tatu. Epuka kuhama mwaka wa mtihani wa taifa, kwa sababu watahiniwa huwa wamekwishasajiliwa kwenye shule walipo. Uhamisho huombwa kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka na kupita kwa afisa elimu wa halmashauri, na namba ya mtoto kwenye mfumo wa NECTA lazima ihamishwe pia. Hakikisha umepewa namba hiyo kwa maandishi. Shule binafsi nyingine huchelewesha uhamisho hadi deni la ada limalizike, kwa hiyo anza kuzungumza na mhasibu Septemba, uandikiane naye namna ya kulipa, na utunze kila risiti.